Saa ya Kupimia Mbio

Kwetu Chamwino fedha ya kibarua cha zabibu haina siri. Mama alijua ninazo shilingi 40,000, na alikwishazipangia madebe mawili ya mahindi. Mimi nilitaka saa. Siyo saa hivi hivi, bali ile ya mtindo wa zamani, yenye visaa vidogo ndani na vitufe viwili ubavuni. Mhusika wa riwaya yangu ni mkimbiaji. Filbert Bayi alimaliza mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Nitaziandikaje sekunde nisizozishika?

Seiko za 1969, zile zinazojitia ufunguo zenyewe mkono ukitikisika, siziwezi hata nikiuza kitanda. Nikaenda Majengo, sokoni Dodoma mjini.

"Kaka, hii orijino!"

Nikabonyeza. Kimya. Visaa vimechorwa tu! Ya pili, ya betri, kioo kina mkwaruzo: kitufe cha juu, mshale mrefu ukaondoka, tena, ukasimama, cha chini, ukarudi juu kabisa. Alitaja 35,000, tukakutana 25,000.

Iliyobaki ilitosha debe moja. Mama aliigeuza-geuza ile saa. "Sasa hii inakula nini?"

Jioni mdogo wangu akatimka barabara ya vumbi. Ilipotimu dakika 3 na sekunde 32 alikuwa hajafika hata mbuyuni.