Kipande Kilichokosa Mwenzake



Katika ofisi ya parokia yetu, hapa Kabambare, imo kompyuta ya zamani, ambayo wengi wetu huiita ordinatere. Ni ya aina ya Pentium, ya miaka ya 1990, nayo hutumia Windows 95. Tulipewa ilipokwisha kuchakaa mahali pengine. Hata hivyo tuliitumainia sana, kwa maana vitabu vyetu vya Ubatizo vilikuwa vimeanza kuliwa na mchwa, na kila ukurasa uliopotea ulikuwa ni watu ambao siku ya Ndoa wangekosa hati. Chama chetu kikajitolea kuyanakili majina yote.

Kazi ikakwama. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa megabaiti 16 tu. Orodha ilipokuwa ndefu, tuliweza kusali kumi moja zima la Rozari kabla haijafunguka, na umeme wa jua haumngoji mtu. Tukachanga. Wajane walileta faranga za mihogo, vijana walileta za machimbo ya dhahabu. Tulimkabidhi fedha hizo kijana mmoja wa jumuiya yetu aliyekuwa akisafiri kwenda Uvira, naye akarudi na kipande kimoja cha kumbukumbu, cha megabaiti 16.

Tulikipachika mbele ya wote. Mashine hiyo, kila inapowashwa, huhesabu kwanza kumbukumbu yake, na tarakimu hupanda katika kioo. Zilipanda hadi kilobaiti 16384, zikasimama. Ilikuwa hesabu ileile ya jana. Tulikitoa, tukayasugua meno yake kwa kifutio cha wanafunzi, maana uchafu huzuia umeme kupita. Tulikirudisha kwa kukiinamisha, kisha tukakisimamisha mpaka vishikizo vikalia. Hesabu ikawa 16384. Tulikihamishia nafasi ya mwisho, na bado ikawa 16384.

Hapo ndipo tulipokosa. Mmoja wetu alisema kwamba kipande ni kibovu. Mwingine akasema kwamba kilinunuliwa kwa bei ya takataka, na fedha iliyobaki imeliwa. Hatukuuliza mara mbili. Kijana alisimama katikati ya mkutano, akasema: «Wazee, mama zangu, sikula faranga za Kanisa.» Hakuna aliyemjibu. Dominika tatu zilipita bila kumwona katika kwaya, na sisi tuliokuwa tumeketi katika mabenchi ya mbele tulijifanya hatuioni nafasi yake.

Katika majuma hayo, yeye hakuketi bure. Chini ya sanduku la mashine kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa. Alimwomba katekista ampe, akakipeleka kwa mwalimu wa sekondari, wakakisoma pamoja, neno kwa neno. Humo waliona kwamba nafasi nne za kumbukumbu zimegawanywa mbilimbili. Mashine ya aina hiyo huvuta biti 64 kwa mara moja, na kila kipande kinaweza kutoa biti 32 tu. Kwa hiyo vipande huwekwa viwili viwili, vyenye ukubwa sawa. Kikiwekwa kimoja peke yake katika jozi ya pili, mashine hukiruka, ikahesabu kana kwamba hakimo.

Kijana alitafuta kipande cha pili kwa jasho lake mwenyewe. Alipokiweka kando ya kile cha kwanza, tarakimu zilipanda, zikapita 16384, zikaenda hadi 49152. Kipande tulichokiita kibovu kilikuwa kizima tangu siku ya kwanza.

Tulinyamaza. Kisha mzee wetu aliinuka, akamwambia: «Mwanetu, tumekukosea. Tusamehe.» Nasi sote tulisema vivyo hivyo, mmoja mmoja, na fedha yake tukamrudishia. Alitusamehe, lakini hakuirudia kwaya upesi. Jeraha la neno halifungwi kwa siku moja.

Tangu hapo tumelitafakari jambo hili mara nyingi. Mashine haikusema kwamba kipande ni kibovu. Ilikosa tu kukihesabu. Maneno mengine yote tuliyaongeza sisi. Bwana alikwisha kutufundisha katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, kwamba ndugu anayedhaniwa kukosa aendewe kwanza faraghani, kisha pamoja na shahidi mmoja au wawili, ndipo jambo lifike mbele ya Kanisa. Sisi tulianzia mwisho. Naye Marko, katika sura ya 6, anatuonyesha kwamba Yesu aliwatuma wale Kumi na Wawili wawili wawili. Hakumtuma hata mmoja peke yake. Wazee wetu nao walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Sisi tulimtuma kijana peke yake katika safari ndefu, akiwa na fedha ya wote, bila mwenzake wa kumshuhudia. Kisha tulimhukumu kwa sababu hakuwa na shahidi. Ni wangapi katika jumuiya zetu wako hivyo: mjane aliyehamia juzi, mkimbizi aliyerudi kijijini kwake, kijana wa machimbo anayesimama nyuma kabisa ya kanisa? Tunawaona kuwa hawafai, kumbe ni wazima. Hakuna tu aliyekwenda kuketi kando yao.

Leo majina ya wabatizwa yanaandikwa tena, na fedha ya chama haibebwi tena na mtu mmoja. Juma hili, katika mikutano ya jumuiya, kila mmoja ajiulize: ni nani nimemhesabu kana kwamba hayupo? Kisha aende kwake, wala asingoje kuitwa.

Ee Bwana, wewe unayemjua kila mmoja kwa jina lake, utujalie ulimi usiotangulia kuhukumu, na miguu inayomwendea ndugu aliye peke yake. Amina.