Jiwe Lilipoitangulia Dhahabu

Katika Nakuru ya ujana wangu, miaka michache kabla ya uhuru, mtu aliyetaka pete hakuwa na haja ya kuwazia umbo lake, kwani maumbo yote yalikwisha kuwazwa na watu wengine. Aliingia dukani kwa sonara, akafunuliwa daftari kuukuu lenye michoro ya Gujarati na ya Birmingham, akaweka kidole juu ya ule ulioipendeza nafsi yake, na baada ya hapo mazungumzo yote yakahamia kwenye mizani: tola ngapi, karati ngapi, na ujira wa fundi ni kiasi gani. Jiwe, ikiwa lilikuwapo, lilitajwa mwisho, aghalabu likiwa yakuti ya kiwandani iliyopitia Bombay, nyekundu kupita kiasi na isiyo na doa hata moja, jambo ambalo lenyewe lingetosha kumtia shaka mjuzi. Na simkumbuki mteja wa zama zile aliyeuliza limetoka ardhi gani.

Mimi ni mwana wa karani wa reli aliyehamishiwa Nakuru kutoka Mombasa, nikalelewa Bondeni, na aliyenipokea kazini alikuwa mzee wa Kihindi wa ukoo wa masonara, ambaye wazee wake waliifuata reli baada ya kufika mji huu mwaka 1900. Kwake nilijifunza kwanza kufagia, wala kufagia huko hakukuwa jambo dogo. Nakuru ni mji wa vumbi, mtaa wa Kivumbini ni shahidi, na kila mwenye duka alilifukuza vumbi hilo barabarani asubuhi na jioni. Ila sisi vumbi letu hatukulitoa nje kamwe. Chini ya kila meza ya kazi ilitundikwa ngozi ya kukinga chembe za tupa na msumeno, maji ya kunawia mikono yalimwagwa katika pipa yatuame, na taka za sakafuni zilihifadhiwa hadi mwisho wa mwaka, zikachomwa, zikaoshwa, na dhahabu iliyopatikana humo ikasaidia kulipa kodi ya duka.

Uaminifu nao ulikuwa na taratibu zake. Mama wa Bondeni alipoleta bangili za marehemu bibi yake zisubiwe upya, alikaa kitini kando ya tanuri, buibui lake amelikusanya mapajani, macho hayabanduki kwenye kalibu.

“Mwanangu,” aliniambia mmoja wao, “sikudhanii ubaya, lakini dhahabu ikishayeyuka haina jina.”

Mzee wangu akacheka, akamjibu kwa adabu zote, “Kweli, mama. Kaa papo hapo, chai inakuja.”

Uhuru ulipokuja, walowezi wengi wa mashamba ya ngano na pareto waliuza wakaondoka, na pahala pao wakaja wateja wapya waliotaka pete nyembamba za ndoa za kanisani. Kisha sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967 ikawabana wafanyabiashara wasiokuwa raia, na masonara wengi wakafunga mizigo. Mzee wangu alikwenda Leicester. Tupa zake, koleo zake na mizani yake ya shaba akamwachia mpwawe, nami nikabaki pamoja navyo.

Ajabu ya majaliwa ni kwamba katika mwaka uo huo ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kufunua hazina ambayo hatukuijua. Merelani, chini ya Kilimanjaro, ilipatikana tanzanaiti. Na Simanjiro, mwanajiolojia Campbell Bridges, mzaliwa wa Scotland, aliokota garneti ya kijani kibichi ambayo baadaye aliufuata mwamba wake hadi kuipata upande wetu wa mpaka, katika nchi ya Taita. Mwaka 1974 nyumba ya Tiffany ya New York iliipa jina la tsavoraiti, kwa ajili ya mbuga ya Tsavo, na katika miaka iyo hiyo ya mwanzo wa 1970 yakuti nyekundu zikaanza kuchimbwa Mangare. Bridges mwenyewe aliuawa karibu na Voi mwaka 2009 katika ugomvi wa machimbo, ambao ni ukumbusho wa uchungu kwamba uzuri wa vito haujapata kuwafanya watu wawe wema.

Tsavoraiti ya kwanza kuifikia meza yangu ililetwa na broka kutoka Voi, ndani ya karatasi iliyokunjwa kama dawa ya unga ya hospitali. Haikutimia nusu karati, na karati ya vito ni sehemu moja ya tano ya gramu. Nikaishika kwa koleo, nikaipeleka mlangoni kwenye jua, kijani chake kikawaka hadi ndani. Nikarudi kulifungua daftari la michoro, nikaona halina hata umbo moja linalolistahili jiwe lile, maana yote yalibuniwa na watu waliokwisha amua kwamba dhahabu ndiyo bwana na jiwe ni mtumwa wake. Ikanilazimu niliweke jiwe juu ya karatasi tupu, nilizungushie penseli, kisha nianze kujiuliza dhahabu ilishike wapi na ilipishe mwanga wapi. Hivyo ndivyo ubunifu ulivyoanza kwangu, na mpangilio mzima wa kazi ukapinduka.

Kila jiwe lina tabia yake, na anayebuni bila kuijua huchora pambo la kuvunjika. Dhahabu ya karati 22, kipenzi cha Waswahili na Wahindi, ni laini mno kwa kucha za kushikia jiwe, zikikwaruzwa na nguo hufunguka. Kwa hiyo tukahamia karati 18. Tanzanaiti haistahimili joto la ghafla wala pigo, na haifai moto wa kulehemu usogee karibu yake. Mwanamke wa jikoni na shambani nilimshauri aivae sikioni, na akishikilia pete, nililizungushia jiwe ukingo mzima wa dhahabu pahala pa kucha. Yakuti ya Mangare ni ngumu kuzishinda hizo zote, lakini aghalabu ina nyufa ndani, ndiyo sababu nyingi hung’arishwa mviringo badala ya kukatwa pande pande.

Lililokamilisha mageuzi hayo lilikuwa soko. Wakia moja ya dhahabu, iliyokuwa karibu dola 35 mwaka 1970, ilifika dola 850 Januari 1980, na kwa mpigo huo vidani vizito vikawa ndoto. Nasi tukajifunza kuifua dhahabu nyembamba, na kadiri dhahabu ilivyopungua ndivyo jiwe lilivyojitokeza. Uhaba ulitufundisha ladha ambayo wingi haukutufundisha.

Nao watu wa kale wa bonde hili hawakuwa na dhahabu kabisa. Mwaka 1938 Louis na Mary Leakey walichimbua pango la Mto Njoro, mwendo mfupi kutoka mjini, wakakuta mabaki ya maiti zilizochomwa yapata miaka 3,000 iliyopita, na pamoja nazo mamia ya shanga za kalkedoni na akiki. Mimi nimetoboa akiki kwa keekee ya umeme yenye ncha ya almasi, na bado jasho limenitoka. Wale walitoboa bila chuma. Vijana wa sanaa nawahimiza waende makumbusho ya Hyrax Hill kabla ya kutafuta mifano Ulaya.

Siku hizi ubunifu hufanywa kwa kompyuta, umbo likachapwa kwa nta na kusubiwa, na mteja wa Naivasha huidhinisha picha kwa simu kabla chembe moja ya dhahabu haijayeyuka. Sina kinyongo na hayo. Walakini binti mmoja ninayemfundisha aliponionyesha pete yake kwenye kioo, nilimuuliza, “Mjukuu wangu, kucha hizi zitashika jiwe, au zitaonekana tu?” Akapunguza picha hadi ukubwa halisi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Babu, nitazinenepesha.” Kioo hukuza kila kitu, na ukonde wa dhahabu hutambulika mkononi.

Linaloniudhi ni kwamba mawe yetu mengi yangali yanatoka ghafi, yakakatwe Jaipur na Bangkok, kisha yarudi tuuziwe kwa bei ya ugeni. Sheria ya Madini ya 2016 iliifuta ile ya kikoloni ya 1940, ila sheria haikati jiwe. Wakataji ndio wanaotakiwa.

Basi wewe msomaji unayetaka pete ya posa, muulize fundi jiwe limechimbwa wapi na limekatwa na nani. Litazame mlangoni, mchana, mbali na taa za duka, maana tanzanaiti iliyo buluu juani hugeuka urujuani chini ya balbu. Tazama ndani ya pete iwapo imegongwa namba, 916 kwa karati 22 au 750 kwa karati 18. Na kabla ya kuagiza Dubai, mpe nafasi fundi wa Nakuru akuchoree.