Barua kutoka Iowa: Msimwambie Kijana "Kubali Yaishe"

Ndugu zangu wa Mocímboa,

Mjomba amenitumia ujumbe wa sauti kuhusu kijana wetu aliyeshitakiwa kuvunja gereji ya mtu: "Mwambie akubali, aombe radhi, yaishe." Mjomba wangu, nakupenda, na hapo bandarini umepatanisha watu wengi mno. Lakini neno lako limeniudhi. Huku ukikubali hayaishi, yanaandikwa.

Kwetu, toka Rovuma hadi Maputo, kanuni ya adhabu ni moja. Marekani ina majimbo 50, kila jimbo na maana yake ya kuvunja nyumba, na juu yao serikali ya shirikisho ina sheria zake. Mojawapo, ya mwaka 1984, yasema hivi: aliyekwisha kutiwa hatiani mara tatu kwa makosa mazito ya aina fulani, kuvunja nyumba ikiwemo, akikutwa na bunduki au hata risasi tu, kifungo chake hakipungui miaka 15.

Kuvunja kwa maana ya jimbo gani? Mwaka 1990, katika kesi ya Taylor, Mahakama ya Juu iliweka kipimo: kuingia au kubaki ndani ya jengo bila ruhusa, kwa nia ya kutenda kosa. Sheria ya jimbo ikiwa pana kuliko hapo, hukumu yake haihesabiwi.

Sasa Iowa, pamoja na majengo, inataja magari, ndege na vyombo vya majini. Anayeingia usiku kwenye dau lililowekewa mali, aibe nyavu, huku aweza kuandikwa mvunja nyumba! Upana huo ndio uliomwokoa mshitakiwa Richard Mathis na miaka hiyo 15, mbele ya Mahakama ya Juu, mwaka 2016. Alikuwa na hukumu 5 za Iowa, lakini majaji hawakutazama aliingia wapi. Walitazama maneno ya sheria. Mwenzake wa jimbo lenye sheria finyu, kwa tendo lilelile, angeila ile 15 yote. Mimi hilo silioni haki, ila ndilo lililopo.

Kwa hiyo wazee, acheni kutuma ushauri wa barazani kwenye kesi za huku. Kijana asisaini kitu kabla ya kujua kifungu gani, cha jimbo gani. Asiguse bunduki ya rafiki, hata kwa kupiga picha. Na kwa asiye raia, kosa la kuvunja nyumba likipewa kifungo cha mwaka mmoja, hata kilichosimamishwa asiingie gerezani, laweza kumfukuzisha nchini. Tangu kesi ya Padilla, mwaka 2010, wakili analazimika kumwonya mteja juu ya hatari hiyo. Amuulize wazi, na asikubali kosa lolote kabla hajajibiwa.