Kabrasha Lisilo na Jina

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huwakumbusha watu duka na madeni. Katika nyumba moja mtaani Maringo, eneo la Makadara jijini Nairobi, ilikuja kufasiriwa upya mnamo mwaka wa 2008, na kilichoifasiri hakikuwa duka bali tarakilishi.

Nyumba yenyewe ilikuwa na sebule na chumba kimoja cha kulala. Tarakilishi ilikaa pembeni mwa sebule, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kama zilivyofunikwa redio na meza. Ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumiwa na wengine. Diski yake iliuzwa kwa jina la gigabaiti 40, ingawa mashine yenyewe ilikiri 37 tu, kwa kuwa mtengenezaji huhesabu kwa maelfu kamili ilhali mashine ile ilihesabu kwa mafungu ya 1,024. Ndugu watatu waliitumia kwa zamu: kaka mkubwa, mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ya Kiswahili, dada yake, aliyesomea ualimu, na kitinda mimba, mpenzi wa filamu. Mama yao hakuigusa. Yeye alikuwa na haja nayo mara moja tu kwa mwaka.

Usiku mmoja, siku nne kabla ya kaka kuwasilisha rasimu ya tasnifu yake, mashine ilikataa kuhifadhi sura ya tatu. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Kijana yule alitenda walitendalo wengi wakati wa dhiki: aliiamuru mashine imtafutie faili zilizo kubwa kupita zote. Kwa nini aokote punje moja moja ilhali gunia liko palepale? Zikajitokeza faili saba, kila moja ikikaribia megabaiti 600, zimekaa pamoja katika kabrasha moja. Kabrasha hilo halikuwa na jina ila lile ambalo mashine hulipa kila kabrasha ambalo mwenyewe hakulibatiza, yaani 'kabrasha jipya'. Faili nazo ziliitwa kwa nambari, moja hadi saba. Akadhani ni muziki wa mdogo wake. Akazifuta, kisha akalimwaga na pipa la taka, maana alijua kwamba kilichotupwa pipani huendelea kushika nafasi hadi pipa limwagwe. Gigabaiti 4 na ushei zikapatikana. Sura ya tatu ikahifadhiwa, naye akalala usingizi wa pono.

Kesho yake kitinda mimba aliona nafasi tupu, akanakili filamu mbili.

Siku ya tatu mama alimwambia binti yake, "Mwanangu, leo ndiyo siku ya baba. Hebu nisikilizishe sauti yake."

Dada akaketi, akatafuta, akatafuta tena. "Kaka," akaita, "lile kabrasha la babu umelihamishia wapi?"

"Kabrasha gani la babu?"

Hakujibiwa. Swali lilikuwa limejijibu lenyewe.

Babu mzaa mama alikuwa mtu wa Rabai aliyefanya kazi ya reli tangu enzi za shirika la Afrika Mashariki, na akaendelea nayo baada ya jumuiya kuvunjika mwaka wa 1977. Aliishi katika nyumba za reli za Makongeni, na jioni wajukuu walipomzuru aliwatolea ngano na visa vya safari za garimoshi. Mwaka wa 1994 mama alimrekodi katika kanda saba za saa moja moja. Mzee aliaga dunia mwaka wa 1999. Mwaka wa 2006 dada aliunganisha redio na tarakilishi kwa waya, akazihamisha kanda zote. Sauti isiyobanwa, iliyo na ubora wa sidii, huhitaji takriban megabaiti 10 kwa dakika. Ndiyo sababu kila saa ikawa megabaiti 600. Baada ya hapo kanda zenyewe zilirekodiwa nyimbo za kwaya. Nani angezihitaji tena, na mzee yumo ndani ya tarakilishi?

La kuatua moyo ni kwamba tasnifu iliyookolewa usiku ule ilihusu uhusiano wa fanani na hadhira katika ngano. Mwandishi wake alikuwa amewataja mafanani wa vitabuni, ukurasa baada ya ukurasa, na kumfuta wa nyumbani.

Mama alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Ni makadara ya Mungu."

"Hapana, mama," dada akajibu kwa upole. "Hili si makadara. Mimi ndiye niliyekosa kuzipa majina."

"Na mimi nilikosa kuuliza," kaka akaongeza.

Fundi wa tarakilishi aliyekuwa na kibanda karibu na Barabara ya Jogoo aliwapa neno la kwanza la matumaini: zimeni mashine mara moja, wala msiandike chochote. Aliwaeleza kuwa mashine ikifuta faili, haichomi yaliyomo. Hulifuta jina katika daftari lake tu, kisha ikaitangaza ile sehemu kuwa wazi. Yaliyomo hubakia palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Aliichomoa diski, akaiunganisha na mashine nyingine, akayasaka mabaki na kuyahifadhi katika diski tofauti. Zilipatikana faili nne nzima. Tatu zilikuwa zimefunikwa na filamu za kitinda mimba.

Maelezo ya fundi yangemwelea msomaji yeyote wa John Mbiti. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Aliyefariki, alieleza, huendelea kuwamo katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Asiposalia wa kumtaja, huzama katika Zamani. Sauti ya mzee wa Rabai haikuponzwa na ukubwa wake wala ukale wake. Iliponzwa na kukosa jina.

Jumamosi iliyofuata ndugu wote watatu waliketi kuisafisha diski jinsi ilivyopasa tangu mwanzo. Waliondoa faili za muda zilizoachwa na programu mbalimbali, programu zisizotumiwa tena, na filamu zilizonakiliwa mara mbili au tatu. Haba na haba zilikuwa zimejaza kibaba: zilipojumlishwa zilipita gigabaiti 6, zaidi ya nafasi iliyochukuliwa na kanda zote saba. Sauti ya babu haikuwa na haja ya kufutwa hata kidogo.

Faili nne zilizosalia zikapewa majina: msimulizi, mahali, mwaka, na ngano zilizomo. Kila moja ilitosha katika sidii yake ya megabaiti 700, na sidii zikanakiliwa mara mbili. Seti moja ikawekwa kabatini mwa mama, nyingine ikapelekwa Rabai kwa shangazi. Zile tatu zilizopotea nazo ziliandikwa katika orodha, pamoja na yote ambayo mama aliweza kukumbuka kuyahusu.

Leo dhiki ileile imehamia katika simu za mkononi, na diski nyingi za kisasa hazina sahani zinazozunguka. Katika hizo, sehemu iliyotangazwa kuwa wazi mara nyingi husafishwa upesi na diski yenyewe, hivyo ujanja wa yule fundi haufui dafu. Anayefuta leo hana muhula wa kujuta. Basi kabla ya kutafuta kilicho kikubwa ili kukiondoa, ni vyema kutafuta kwanza kisicho na jina, kukifungua, na kukisikiliza hadi mwisho.

Mama yule bado husikiliza kanda zake nne kila mwaka. Ya nne hukatikia pale mzee anapoahidi kuwa ngano tamu kuliko zote itafuata.