Perege wa Ganze

Atokaye Kilifi mjini kwenda Ganze huipa bahari kisogo, akaingia nchi ambako maji huchimbiwa bwawa na kungojewa mvua. Nilikwenda kuwajulia hali wakwe zangu. Kabla ya safari nilinunua mshipi, chubwi na ndoana za kuvulia changu, nikijiona mjuzi. Sisi wa ufuoni hatukosi majivuno hayo.

Ufito wa mwanzi tuliukata huko huko. Asubuhi nzima perege walikula chambo, wakaniachia ndoana tupu. Shemeji yangu mdogo alinistahi kwanza, kisha akasema, "Shemeji, mdomo wa perege ni mdogo." Akaondoa chubwi, akafunga ndoana yake nyembamba, akatia nyungunyungu; kipande cha bua kavu la muhindi kikawa boya. "Likitetema, ngoja. Likizama, inua taratibu."

Hata adhuhuri tulipata wanane, wa ukubwa wa kiganja. Wadogo aliwarudisha majini: bwawa lilikauka katika ukame wa mwaka 2022, na samaki hawa wamepandikizwa upya. Mama mkwe aliwatenga wawili kwa jirani yake mjane.

Mshipi nilimwachia shemeji. Ndoana nilirudi nazo.