Dadu na Ulimi: Usuluhishi wa Migogoro ya Wahusika Mezani

Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ni fani changa mno ikilinganishwa na ngano au tamthilia. Wa kwanza kuchapishwa, Dungeons & Dragons, ulitolewa nchini Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nao ulichipuka kutokana na michezo ya kuiga vita. Wachezaji huizunguka meza. Kila mmoja humbeba mhusika wake, naye msimulizi huwabeba wahusika waliosalia pamoja na ulimwengu mzima. Penye shaka, dadu hutupwa. Kwa kuwa asili ya mchezo ni vita, kanuni za upanga zilikuwa tele na za ulimi haba. Mhusika hupewa alama za mvuto kama apewavyo alama za nguvu. Hapo ndipo swali la kifasihi linapozuka: wahusika wawili wakizozana kwa maneno, ni nani aamue?

Mjini Embu wanafunzi watano walikuwa wakikutana jioni za Jumamosi kucheza. Waliyaacha majoka ya Ulaya, wakabuni kijiji katika miteremko ya Mlima Kenya, majani chai juu na mahindi chini, na mgogoro wa mfereji wa maji. Mfereji ulipaswa kukatiza shamba la mjane, naye mjane alikataa katakata. Kijana aliyetumwa na wazee alitamka sentensi mbili, akatupa dadu ya pande ishirini. Ikaangukia 19.

“Mama ameridhika,” msimulizi akatangaza.

Mwanafunzi aliyemwigiza mjane akaweka kalamu chini. “Mama hajaridhika. Mmeshinda dadu tu.”

Msomaji atadhani huo ni ubishi wa kitoto. Lakini na tuitazame historia ya Meru. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, likiungwa mkono na maafisa wa serikali ya kikoloni, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana wenyewe, ambao miili yao ndiyo iliyozungumziwa, hawakuwa na kiti barazani. Wengi waliingia vichakani na nyembe, wakakeketana wao kwa wao. Wakaitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri”. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuivunja amri hiyo. Ukeketaji ni madhara matupu, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeuharamisha, hautetewi hapa. Linalosemwa ni kwamba marufuku yale, hata kama yalikuwa na haki, hayakuwafikia wasichana kama hoja. Yaliwafikia kama dadu iliyotupwa na watu wengine.

Ajabu ni kwamba baraza lilo hilo, ambalo makao yake yako Nchiru, lina sifa ya kutenda kinyume cha hayo linaposikiliza kesi za mipaka ya mashamba. Kila upande husema, wazee huuliza, na mashauri huendelea hadi mwafaka upatikane. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, inazitaka mahakama kuendeleza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisikiuke Sheria ya Haki. Sharti hilo la mwisho si dogo.

Pale Embu waliafikiana hivi: dadu itaamua kama mjane atamfungulia mgeni lango, na kama atamsikiliza kwa utulivu au kwa hasira. Atakachoamini ni mali ya anayemwigiza. Kisha msimulizi akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: mama anataka nini?

“Maji yapite kwangu, nami niendelee kubeba mtungi kutoka mtoni?”

Kumbe katika zamu zote za maji jina lake halikuwamo! Walibishana kwa saa nzima, wakampa mjane zamu mbili kwa juma, na kijana akatozwa mbuzi kwa utovu wa adabu. Ilikuwa jioni yao bora kuliko zote, ingawa hakuna upanga uliochomolewa.

Hata hivyo, wanaoitetea dadu wana hoja nzito. Mmoja wa wale watano alikuwa na kigugumizi. Mhusika wake alikuwa mzee bingwa wa maneno, ambaye vijiji vitatu vilimwita kuamua kesi. Dadu ikiondolewa, mzee huyo anakuwa bubu, na mwenye ulimi mwepesi anashinda kila shauri, awe na haki au asiwe nayo. Kwa hiyo walimwekea utaratibu wake: ataje kwa maneno machache anachokitaka na anachokubali kutoa, kisha dadu iamue maneno yalivyopokewa.

Jumamosi iliyofuata ilimwangukia 4. Wazee wa kijiji wakaanza kumcheka, na mjane ndiye aliyewanyamazisha ili amalize.