Kutega na Kutegua

Walimu wenzangu, yamkini mtashangaa kumwona mwalimu wa sarufi akiandika juu ya chombo cha kutafutia vyuma ardhini. Lakini jambo lenyewe lilianza darasani. Nilikuwa nikifundisha vitenzi vya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Nikauliza ni kitu gani hutegwa kisha kikateguliwa, nikitarajia kujibiwa kitendawili. Msichana mmoja, mkimbizi aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, Sudani Kusini, akasimama akasema, "Bomu, Mwalimu." Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, akaongeza kwamba kuyategua ndiyo kazi anayoitaka.

Haikupita wiki, mjomba wake aliyemlea akanijia, akanisalimu kwa adabu zote, akasema, "Mwalimu, mwambie mtoto aache hayo. Anakusikia wewe kuliko sisi." Sikuwa na jibu siku ile.

Mimi ni mzaliwa wa Koboko. Katika miaka ya 1990 waasi wa West Nile Bank Front walitega mabomu mkoani mwetu. Shangazi yangu alikuwa na shamba la muhogo karibu na barabara ya Oraba. Uvumi mmoja ulitosha: akaliacha likageuka kichaka, maana hakuna aliyejua kama ndani mna kitu ama hamna, na kutojua huko kulitulaza na njaa misimu kadhaa. Hatimaye walikuja watu wenye vigunduzi vya metali. Kaka yangu aliruhusiwa kuvaa visikilizio, pembeni mahali salama, asikie chombo kinavyolia juu ya msumari. Nami nikaomba. Nikaambiwa hiyo si kazi ya watoto wa kike, niende nikachote maji. Nikaenda kuyachota, kwa njia ambayo ilikuwa bado haijapimwa na mtu yeyote. Shambani mlipatikana jembe bovu na vizibo vya soda. Shangazi akapanda muhogo mvua zilizofuata.

Chombo chenyewe hakina ajabu wala jinsia. Mkondo wa umeme hupita katika duara la waya na kuzunguka na sumaku yake. Duara likipita juu ya metali, metali hiyo nayo huamshwa, ikarudisha sumaku ndogo ya kwake, na sikio likapata mlio. Mabomu mengi ya siku hizi ni ya plastiki, yenye kipande kidogo tu cha chuma, hivyo mtu hulazimika kuusikiliza mlio hafifu kabisa, kisha apige magoti na kuchimbua udongo taratibu kutoka ubavuni. Wako wanaosema wanawake wanafaa kwa sababu ni wavumilivu. Hoja hiyo siipendi hata kidogo. Uvumilivu tumesifiwa mno, na aghalabu na wale wanaotuongezea mizigo. Msichana anafaa kwa sababu amefundishwa akaweza, na mshahara wa kazi ya hatari ni wake pia. Tena anazijua njia za kuni na za kisima, na mama wa kijiji atamweleza mambo ambayo hatamweleza mwanamume mgeni.

Nchini Angola wanawake wamekuwa wakiajiriwa kwa kazi hii katika mradi maalumu tangu mwaka 2017. Kwetu Uganda, mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini ulitiwa saini mwaka 1997, na mwaka 2012 nchi ikatangazwa kwamba imekwisha kusafishwa. Margaret Arach Orech, aliyepoteza mguu kwa bomu mwaka 1998, amekuwa miongoni mwa sauti kubwa za kampeni ya kimataifa. Namheshimu sana. Lakini nataka binti zetu waonekane pia upande wa wenye visikilizio, si upande wa magongo peke yake. Kazi ya Sudani Kusini haijakwisha, na watakaorudi huko wamo madarasani mwetu.

Nakumbuka pia jinsi mama alivyonikanya nisijifunze Kiswahili. Katika Uganda kilikuwa lugha ya askari na wezi; msichana akikisema, watu walimtazama vibaya. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakikubali kuwa lugha rasmi, na leo wazazi wale wale wananiuliza mbona watoto wao hawapati alama nzuri.

Nilimweleza mjomba hayo yote chini ya mwembe wa shule. Hakukubali. Alisema dada yake, mama wa mtoto, aliuawa na vita, naye hatampeleka aliyebaki kuvitafuta vita vilivyofukiwa. Sikuweza kumwambia kwamba amekosea. Tulipatana neno moja tu, kwamba msichana aendelee na fizikia hadi kidato cha nne, halafu tutazungumza.

Juzi msichana aliniletea daftari nilisahihishe. Alikuwa ameongeza jozi zake mwenyewe za vitenzi: pakia na pakua, anika na anua, na ya mwisho, fukia na fukua.